Daksha Alimwomba Radhi Mkwewe

(Maneno yaliyosomwa katika ukumbi wa hekalu, Singida, jioni ya maadhimisho)



Kamati ilituomba tuseme juu ya wazee waliotangulia: jinsi walivyofika nchi hii ya mawe na upepo, wakafungua maduka, wakachangishana mpaka jengo hili likasimama. Habari hiyo inao wenyewe wanaoijua kutuzidi, na katika kitabu hiki cha kumbukumbu imewekwa mahali pake. Sisi tuliomba ruhusa tuseme neno jingine, na kamati, baada ya kusita kidogo, ilikubali.

Tunaosema ni watu wa nyumba moja: baba, mama, na wana wawili wa kiume. Mmoja wetu ndiye anayesoma, lakini karatasi tumeiandika wote wanne, kwa usiku kadhaa, na tumegombana juu ya maneno yake. Mtu wa tano wa nyumba hiyo ni binti yetu. Yeye ameisoma kabla yenu. Ametupa idhini kwa masharti matatu. La kwanza, jina lake lisitajwe, ijapokuwa mji mzima unalijua. La pili, tusimwite Devi, wala malaika, wala mvumilivu. La tatu, tusilie hapa mbele. Zaidi ya hayo aliifuta aya nzima tuliyoeleza ndani yake wema wa moyo wake, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hamnijui kiasi hicho."

Basi tunaanza na jambo tunalolijua.

Katika siku tisa za Navratri, sisi Wahindu tunamtukuza Mama wa ulimwengu. Majirani zetu mmesikia ngoma za garba usiku, na baadhi yenu mmeingia uwanjani mkacheza nasi. Karibu na mwisho wa siku hizo iko desturi ya kuwaalika nyumbani mabinti wadogo. Huketishwa mkekani, huoshwa miguu, hutiwa alama nyekundu kwenye paji la uso, hulishwa puri na maziwa matamu, na wenye nyumba huinama mbele yao, kwa sababu katika umbo la msichana asiye na makuu tunaamini Mama mwenyewe amekuja. Nyumba yetu ilisifika kwa ibada hiyo. Mama wa nyumba alikuwa akiosha miguu ya mabinti tisa kwa mikono yake, na maji yalikuwa ya uvuguvugu, si ya baridi, ili wasishtuke.

Mwaka ambao binti yetu alikuwa na miaka tisa, tuliwaalika mabinti tisa wa majirani. Yeye tulimwambia akae chumba cha nyuma. Alikuwa mdogo kuliko umri wake, rangi yake imepauka, macho yana umanjano, tumbo limevimba upande wa kushoto, na mifupa ya mashavu imeanza kujitokeza. Wageni wangeuliza. Tulikuwa na wana wawili watakaooa siku moja, na swali la mgeni mmoja katika mji mdogo kama wetu hufika Dodoma kabla ya basi. Mlango wa chumba kile ulikuwa na ufa. Miaka mingi baadaye alituambia kwamba aliyaona yote kupitia ufa huo, hata mvuke wa yale maji.

Ugonjwa wake unaitwa thalasemia. Mtatuvumilia tukiueleza kwa urefu, maana ujinga wetu ulianzia hapo. Katika damu mna chembe nyekundu, na ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho hushika hewa safi kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Mwenye thalasemia huzaliwa na kasoro katika kuitengeneza himoglobini hiyo. Chembe zake huwa dhaifu, hufa mapema, na mwili hujitahidi kufidia: uloto ulio ndani ya mifupa hutanuka hata sura ikabadilika, na bandama huvimba kwa kazi ya kuzichuja chembe zilizoharibika. Jina la ugonjwa limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya bahari, kwa kuwa waliochunguzwa mwanzo wengi walikuwa watoto wa watu waliotoka pwani za bahari ya Mediterania. Daktari Thomas Cooley aliwaeleza watoto wa namna hiyo kule Detroit, Marekani, mwaka 1925. Lakini bahari hiyo si ya Wagiriki na Waitalia peke yao. Miongoni mwa jamii kadhaa za Kigujarati na za Kisindhi, Walohana wakiwa mojawapo, wanaobeba chembeuzi hii ni wengi kuliko wastani, na kwa kuwa tumezoea kuoana sisi kwa sisi, mbebaji humwoa mbebaji bila habari.

Mbebaji haumwi. Anaweza kuishi mpaka uzee akiuza alizeti zake na asijue kitu. Wakikutana wabebaji wawili, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atazaliwa mgonjwa. Nusu yake inatoka kwa baba, nusu kwa mama. Tunalisema hili polepole, kwa sababu katika nyumba yetu, kwa miaka kumi na saba, ilisemwa kwamba ni damu ya upande wa mama. Shangazi walisema hivyo, bibi alisema hivyo, na baba alinyamaza, na kunyamaza kwake kulihesabiwa kuwa ushahidi.

Kwa muda huo wote tulimpa dawa ya kuongeza damu. Mnaifahamu: chupa ya maji mekundu, yenye madini ya chuma, inauzwa kila mahali. Kila mwezi chupa. Tulijiona watu wa huruma. Sasa sikieni: si kila upungufu wa damu ni upungufu wa chuma. Katika ugonjwa huu mwili wenyewe hunyonya chuma kupita kiasi, na binadamu hana njia ya kukitoa kikizidi. Hujikusanya katika ini, katika tezi, na mwisho katika moyo. Kwa hiyo hata kile kidogo tulichompa kwa mapenzi kilikwenda kuungana na ugonjwa. Daktari alipotueleza hayo, mama wa nyumba aliuliza ni chupa ngapi. Hakuna aliyemjibu.

Huyo daktari alikuwa Dar es Salaam, na binti alikuwa amefikisha miaka kumi na saba. Alipima damu yake, akapima na yetu sisi wazazi, akaandika jina la ugonjwa katika karatasi. Akasema mambo matatu: aje kila baada ya miezi mitatu; kaka zake wapimwe kabla ya kuoa; na asinywe tena ile dawa ya chuma. La tatu tulilitii. La pili tulilikataa, kwa hoja kwamba majibu yakishaandikwa yatasomwa na mtu. La kwanza, katika miaka kumi iliyofuata, tulilitimiza mara mbili.

Mtauliza, fedha hazikuwepo? Zilikuwepo. Katika miaka hiyo hiyo tulinunua mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, tukampeleka mwana mmoja kusoma Uingereza, tukamwoza mwingine kwa harusi ya siku nne. Mposaji alipokuja nyumbani kuwatazama watu wa nyumba, tulisema binti yuko Dar es Salaam kwa shangazi yake. Alikuwa chumba cha nyuma. Shule tulikuwa tumemtoa akiwa kidato cha pili, tukisema anachoka, naye kweli alikuwa anachoka; lakini alikuwa wa pili darasani akiwa amechoka.

Hapa ndugu zetu wa imani watatusaidia kukiri jambo. Tulipoulizwa na nafsi zetu, tulijibu kwa neno karma. Tulisema huyu analipa ya maisha yaliyopita, nani awezaye kuizuia? Maana ya kwanza ya neno karma ni tendo. Nauli ya basi ni karma. Kutokulipa nauli ni karma vilevile. Sisi tulilishika fundisho kubwa la wahenga wetu tukalitumia kama mtu anavyotumia pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na mtoto wetu mwenyewe.

Kila mwezi wa nane, katika Raksha Bandhan, binti huyu aliwafunga kaka zake uzi mkononi. Dada hufunga uzi, kaka huahidi kumlinda, kisha humpa zawadi. Kaka zake walimpa bahasha. Hata aliyekuwa Uingereza alipokea uzi kwa posta na akatuma fedha. Hatukujua anafanyia nini fedha zile, wala hatukuuliza. Tulidhani ananunua nguo. Alikuwa akiziweka katika kopo la biskuti, na mwaka ambao hali yake ilizidi kuwa mbaya, naye sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini, alilifungua kopo akapanda basi peke yake mpaka Dodoma, kilomita zipatazo 240, kwenda kuongezwa damu. Kaka zake walikuwa wamemlinda kwa miaka ishirini bila kukusudia.

Hakuwa peke yake kabisa. Uani kwetu, ng'ambo ya ukuta, alikuwa akiishi bibi mmoja wa Kinyaturu, ambaye sasa ni marehemu. Alimwita binti yetu mjukuu wangu, naye akamwita Bibi. Alimletea uji wa mtama na mlenda asiotiwa nyama, kwa kuwa alijua hatuli nyama, na aliketi naye katika kile chumba cha nyuma tukiwa dukani. Bibi huyo alikuwa na mjukuu wa damu yake mwenye selimundu, ile ambayo wengi huiita siko seli. Alizijua siku za maumivu. Alijua kwamba mtoto anapokaa kimya si kwamba amepona. Ndiye aliyemwambia binti yetu juu ya wodi ya Dodoma, na mjukuu wake ndiye aliyempokea stendi.

Ajabu ya magonjwa haya mawili ni kwamba ni ndugu. Yote mawili ni kasoro za himoglobini, yote hurithiwa kwa njia moja, na yote yameenea zaidi mahali palipokuwa na malaria, kwa kuwa mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mwanasayansi Haldane, Mwingereza ambaye baadaye alihamia India akawa raia wa huko, alilikisia jambo hilo kuhusu thalasemia mwaka 1949. Na Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alilithibitisha kuhusu selimundu kwa utafiti wa hapa Afrika Mashariki, akauchapisha mwaka 1954. Wala selimundu si ya Waafrika tu kama tulivyokuwa tukisema dukani. Mwaka 1952 iligunduliwa kwa watu wa milima ya Nilgiri, kusini mwa India, na leo India ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani, pamoja na Nigeria, Kongo, na hii Tanzania yetu, ambako inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Pale wodini Dodoma, binti wa Kigujarati na kijana wa Kinyaturu walilala vitanda vinavyofuatana kwa sababu babu zao, kila mmoja kwenye nchi yake, waling'atwa na mbu wa aina moja.

Tulifika wodini siku ya tatu, wote wanne. Aliyetupigia simu ni yule kijana.

Tunataka kuieleza siku hiyo jinsi ilivyokuwa. Daktari alikuwa ametuita pembeni akatuambia moyo umejaa chuma na haijulikani. Tukaingia. Baba alianza, akamshika miguu, jambo ambalo kwetu mzazi hamfanyii mtoto. Alisema yote: chumba cha nyuma, mposaji, shule. Mama akafuata, akalia hata muuguzi akamletea kiti. Mwana mkubwa akasema, mwana mdogo akasema. Tulichukua karibu saa nzima. Kila mmoja alingoja zamu yake, na kila mmoja, tunakiri, alikuwa akimtazama usoni aone kama amesamehewa. Yeye alikuwa akitikisa kichwa, akisema, "Basi, Ba. Basi, Bapuji. Usilie, bhai." Alimpigapiga mama mgongoni kwa mkono uliokuwa na sindano ya damu.

Tulipomaliza kulikuwa na kimya. Ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mmekuja watu wanne, na hakuna aliyeniletea maji."

Kweli midomo yake ilikuwa imekauka. Chupa ilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka tulipokuwa, tupu. Yule kijana wa Kinyaturu aliteremka kitandani mwake, na yeye ni mgonjwa, akaenda kuijaza.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukikisoma tena kisa cha Daksha. Kwa majirani wasiokijua, tutakieleza. Daksha alikuwa mkuu mwenye enzi, na binti yake Sati aliolewa na Bwana Shiva, mkwe ambaye Daksha alimdharau kwa kukaa makaburini na kujipaka majivu. Daksha aliandaa ibada kubwa ya moto, akaalika miungu yote na wenye hekima wote, asimwalike binti yake wala mkwewe. Sati akaenda bila kualikwa, kwa kuwa ni nyumba ya baba yake. Bhagavata Purana inaeleza kwamba alipoingia hakuna aliyethubutu kumkaribisha kwa kumwogopa Daksha, isipokuwa mama yake na dada zake, waliomkumbatia kwa machozi. Baba hakumtazama. Baada ya kusikia mumewe akidharauliwa, Sati aliketi chini, akaitoa roho yake kwa moto uliotoka ndani yake mwenyewe.

Yaliyofuata ni ghadhabu ya Shiva, kuvunjwa kwa ibada ile, na Daksha kukatwa kichwa. Kisha kwa maombi ya miungu alisamehewa, akafufuliwa, akawekewa kichwa cha mbuzi. Tangu utotoni tumekisikia kisa hiki kama onyo juu ya kiburi, na watoto hucheka wanapofika kwenye kichwa cha mbuzi. Lakini tazameni alichofanya Daksha alipofumbua macho. Alimwona Shiva mbele yake, akataka kumsifu na kumwomba radhi. Akamkumbuka binti yake, machozi yakamjaa, sauti ikakwama. Baadaye akapata sauti, akaomba radhi, na radhi ikakubaliwa, na ibada ikakamilishwa.

Daksha alimwomba radhi mkwewe. Sati hakuwepo. Yule aliyenyimwa mwaliko hakulisikia hata neno moja la msamaha ule, na shughuli ikaendelea mpaka mwisho na wageni wakaenda zao wameridhika. Tena Sati alipozaliwa upya, akawa Parvati, binti wa Himalaya. Alizaliwa katika nyumba nyingine. Hatujapata kumsikia mhubiri yeyote akilisimamia neno hilo, na pujari wetu atatusahihisha ikiwa tumelipita kiasi, lakini sisi tulipolitambua tulifunga kitabu usiku ule hatukuendelea.

Sisi tulibahatika kuliko Daksha, maana yetu alikuwepo. Na hata hivyo, katika saa ile nzima wodini, je, tulikuwa tukisema naye? Tulikuwa tukisema na hofu yetu. Tuliogopa afe tukiwa na deni, tukaenda kulipunguza deni juu ya kitanda cha mtu aliyeishiwa damu, na kazi ya kutufariji tukamwachia yeye. Mwana mdogo husema tulimkopa mara ya pili.

Hakufa. Siku ile hatukumpa chochote, lakini tulirudi kesho yake na maji, na kesho kutwa na khichdi, na mwana mkubwa alibaki Dodoma wiki tatu akijifunza kuzihesabu dawa. Ziko dawa za kukitoa chuma mwilini, nyingine za sindano ya polepole usiku kucha, nyingine za vidonge. Ni ghali. Tumeiuza gari moja. Hatusemi hilo tupate sifa. Tulipaswa kuiuza zamani, na binti mwenyewe alituagiza tuliweke wazi kwamba lilikuwa gari bovu.

Ndani ya nyumba alihamia chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Alikichagua mwenyewe na kumwondoa humo kaka yake, kwa furaha kubwa. Kaka zake wamepimwa. Mkubwa ni mbebaji. Mkewe, kwa rehema tusiyoistahili, si mbebaji. Kwa watoto wao hatukuficha karatasi.

Wengine watauliza kama ametusamehe. Tulimwuliza tujibu nini hapa. Alisema tuseme hivi: juu ya chumba cha nyuma, amesamehe. Juu ya mposaji, amesamehe, na siku hizi humcheka. Juu ya dawa ya chuma hakukuwa na la kusamehe, hatukujua. Juu ya shule, bado. Tulitaka kuandika kwamba tunangoja. Alifuta neno tunangoja. Alisema mtu anayengojewa hana raha.

Sasa tuna ombi kwa hekalu na kwa majirani, nalo ndilo lililotufanya tusimame.

Katika kisiwa cha Kupro, ambako thalasemia ilikuwa imeenea sana, Kanisa la Kiorthodoksi lenyewe lilianza katika miaka ya 1980 kudai cheti cha kupimwa kabla ya kufungisha ndoa. Halikukataza ndoa, lilitaka wanaooana wajue. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo wakapungua mpaka wakawa wachache mno. Kule Gujarat, Msalaba Mwekundu umepima wanafunzi wa vyuo kwa wingi. Hekalu letu ni dogo, lakini kila mwaka linatangaza uchumba, na pujari hutazama nyota za mvulana na msichana kwa saa nzima. Tunaomba kabla ya nyota watazame damu. Kipimo kifanywe kimya, majibu apewe mwenyewe, na asiwepo mtu wa kamati anayeyasoma. Majirani zetu, nanyi mnayo selimundu. Ombi ni lile lile misikitini na makanisani. Hapa nchini Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na Muhimbili wana kliniki na utafiti wa miaka mingi chini ya Profesa Julie Makani na wenzake. Msiwaweke watoto chumba cha nyuma mkidhani hakuna la kufanya.

La pili ni damu. Binti yetu huongezwa kila baada ya wiki nne, na mara mbili mwaka huu ilibidi asubiri kwa kuwa benki ya damu ilikuwa haina. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Hakuna anayeandika juu ya mfuko kwamba hii ni ya Mhindu au ya Mnyiramba, na binti yetu husema kwa hesabu yake sasa yeye ni Mnyaturu zaidi ya nusu. Jina la kwanza katika orodha iliyoko mezani karibu na viatu ni la mwana mdogo. La pili ni la yule kijana aliyeijaza chupa. Alitaka kuandikishwa, tukamweleza kwamba mwenye selimundu hachukuliwi damu, akasema basi jina libaki, yeye atakuwa wa kuwakumbusha wengine.

Binti yetu yuko hapa, safu ya nyuma karibu na feni. Amesema asipigiwe makofi. Safari ijayo ya Dodoma ni Jumanne, zamu ni ya mama, na basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.